Feni Iliyonyamazishwa kwa Ajili ya Maombi

Isaiah Mungai huuza joto. Kibao cha duka lake, katika mtaa wa nyuma ya soko mjini Eldoret, kinataja mbegu, dawa za mifugo na vyakula vya kuku, lakini ukikaa pale kwenye benchi nusu siku utaona kwamba wateja wote wana adui mmoja, naye ni baridi. Vifaranga wanakufa kwa baridi. Mahindi hayakauki kwa sababu ya baridi. Ng'ombe anakohoa kwa baridi, na mwenye ng'ombe anakohoa kwa sababu hiyo hiyo. Mungai huwasikiliza wote akiwa amevaa koti na sweta mbili ndani yake, kisha huwauzia balbu nyekundu na kuwachorea kwenye kipande cha katoni jinsi ya kutengeneza bruda, yaani kile kijumba cha kulelea vifaranga. Huwaonya wasipunguze joto mapema. Katika miaka yote ambayo duka hilo limekuwa wazi, hakuna mtu aliyewahi kuingia kulalamika kwamba ana joto kupita kiasi.

Ana miaka arobaini na kitu. Kanisani ana zamu ya kusimama mlangoni na kuwaonyesha watu viti. Mkewe anaitwa Nyokabi, na binti yao, Wanja, yuko shule ya bweni. Zaidi ya hayo Mungai ana jambo lake la pembeni, ambalo washirika wenzake wangelielewa vizuri zaidi kama lingekuwa dhambi: ni mmoja wa mafundi wa Lazaro.

Lazaro ni mfumo wa kompyuta wa ukoo wa Linux, uliotengenezwa na mashabiki kwa ajili ya mashine moja ya gemu ambayo kampuni yake iliacha kuishughulikia miaka mingi iliyopita. Mashine ile ilitoka kiwandani ikijua kazi moja tu, na kampuni ilipoitupa, hata kazi hiyo ikaanza kuishinda. Unachukua Lazaro, unaiweka kwenye flashi, unaichomeka, na lile takataka lililokuwa chini ya televisheni linaamka likiwa kompyuta. Linaandika barua, linafungua mtandao, na gemu za zamani linazicheza vilevile. Jina lilitolewa na Tadeu, Mbrazili aliyeanzisha kazi hiyo, na ni jina zuri mradi mtu asiulize Lazaro wa Biblia alikufa mara ngapi.

Mafundi wenyewe wametapakaa duniani, hawajawahi kuonana, hawalipwi hata senti, na hugombana kuhusu rangi ya menyu kwa ukali wa kamati ya mazishi. Mungai aliingia humo kupitia shemeji yake, ambaye alipohamia Kanada alimwachia mashine ya gemu na viti vinne vya plastiki. Aliiwekea Lazaro ili Wanja afanyie kazi za shule. Akaipenda. Akajifunza kuandika programu kwa kutazama video dukani mchana wakati wateja wako shambani, na akaandika maelekezo yote ya Lazaro kwa Kiswahili ili mtu mwingine asihangaike kama yeye alivyohangaika. Siku moja Tadeu akauliza kwenye kundi lao la mtandaoni, ambako kila mtu huandika lugha yake na mtandao unahangaika kutafsiri, ni nani kati yao anaelewa mambo ya joto. Mungai alikuwa amejitengenezea bruda inayojiwasha na kujizima yenyewe. Akajitokeza. Akapewa feni.

Feni ya mashine ile ina sauti. Jambo hilo lingebaki kuwa la kiufundi kama si ushirika wa kina mama, ambao kila Alhamisi alasiri hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Zamu ya Nyokabi ilipofika, walijaa sebuleni kwao mtaani Langas mpaka wengine wakakalia mikono ya makochi. Mashine ilikuwa chini ya televisheni, ikipakua kitu. Maombi yaliongozwa na Njambi, mwenyekiti wa ushirika, mama mwenye sauti ya kuweza kuita mtu aliye mbali kule Burnt Forest bila simu. Alipofika katikati, feni ikaanza kunguruma. Njambi akapandisha sauti. Feni nayo ikapandisha.

"Mama Wanja," Njambi alisema baada ya amina, kwa upole wa kutisha, "hiyo kitu inataka nini?"

"Ni kompyuta ya Baba Wanja."

"Sawa. Ilikuwa inakemea pamoja na sisi, ama ilikuwa inatukemea?"

Kina mama walicheka. Nyokabi alicheka pia, kwa sababu alikuwa mwenyeji, lakini jioni alipomletea mumewe chai kicheko kilikuwa kimeisha.

"Ile kitu inyamaze, Baba Wanja. Ama inyamaze, ama ihamie dukani ikae na chakula ya kuku."

Mungai akafanya kile ambacho mtu mwenye elimu ya bruda angefanya. Alitazama joto la chipu, ule ubongo wa mashine. Kampuni ilikuwa imeagiza feni iamke mapema, chipu ikifika tu nyuzi hamsini, na Mungai aliona huo ni woga wa watu wa kiwandani. Sebuleni kwake chipu haikuwahi kupita sitini na kitu, hata ifanyishwe kazi gani. Akaibadilisha ile namba. Feni isiamke sawasawa mpaka nyuzi themanini, na kabla ya hapo izunguke pole pole tu, kama mtu anayejipepea kanisani kwa bahasha ya sadaka. Aliijaribu mwezi wa Julai, mwezi ambao hata mbwa wa Langas hubweka kwa kifupi. Mashine ilikuwa kimya. Chipu haikulalamika. Ushirika uliporudi kwao, Njambi aliomba kuanzia wagonjwa hadi viongozi wa kaunti bila kupata mpinzani.

Angeishia hapo, ingekuwa habari ya ndoa tu. Lakini alijivunia kazi yake, akaituma kwa Tadeu. Tadeu aliijaribu kwake Curitiba, mji ambao kwa bahati mbaya una baridi yake pia. Mtu mmoja wa Poland akaijaribu Poland. Wote wakasifu kimya kile, na namba ya Mungai ikaingia katika toleo jipya la Lazaro, jina lake likiwa kando. Alimwonyesha Nyokabi.

"Dunia nzima imenyamaza kwa sababu yako," alimwambia.

"Asante," Nyokabi alisema. "Sasa toa viatu kwa kapeti."

Miongoni mwa watu waliofuata maelekezo yake ya Kiswahili, neno kwa neno, alikuwa Madam Musimbi, mwalimu wa shule moja ya msingi karibu na Lodwar. Alikuwa amepewa mashine na kaka yake, akaiwekea Lazaro, nayo ikawa kompyuta pekee ya shule. Watoto waliipangia foleni. Aliwahi kumwandikia Mungai kwamba feni inapiga kelele darasani, na Mungai akamjibu kwa furaha: "Weka toleo jipya, Madam. Tumeirekebisha." Musimbi akaliweka siku hiyo hiyo.

Muhula ulipokuwa unakaribia mwisho, aliandika kwenye kundi. Mashine imekataa. Inawasha taa nyekundu, inazima. Watoto wanaulizia kila asubuhi.

Mungai alijibu upesi, kwa sauti ya fundi, ambayo ni sauti ya daktari bila shahada. "Madam, mmeiweka wapi? Ina vumbi? Kuna kitu huwa mnafunika nayo?"

Ndiyo, Musimbi alijibu. Kuna kitambaa. Mlinzi wa shule, Mzee Erupe, hulala katika chumba cha mashine, na kwa jinsi anavyoipenda ile mashine amekuwa akiifunika jioni vumbi lisiingie.

"Basi ndio hiyo," Mungai akaandika. "Mashine lazima ipumue."

Mtu wa Poland akaweka kikatuni cha uso wa huzuni. Mwingine akasema ni vizuri watumiaji wasome maelekezo kabla ya kuanza. Kisha Musimbi akaandika tena, na maneno yake Mungai anayakumbuka mpaka leo bila kuyatafuta: "Tunaomba radhi kwa kuharibu kazi yenu, na nyinyi mnafanya bure. Hasa wewe ndugu Mungai. Tutakuwa waangalifu."

"Usijali Madam," alijibu, akaendelea kupimia mtu pumba. Alijisikia vizuri. Alijiona mtu mwenye subira.

Hali hiyo njema ilidumu mpaka Kipchumba alipoingia dukani. Kipchumba ni mkulima wa Kaptagat, mtu mnene mwenye furaha, ambaye huja mjini kununua dawa ya minyoo na kuchokoza watu.

"Wewe Mungai," alisema kabla ya salamu, "umeua kuku ya shemeji yangu."

"Shemeji yako yupi? Mimi simjui."

"Yeye anakujua. Nilimtumia picha ya ile katoni yako ya bruda. Balbu mbili, mlango ufungwe, joto isipungue. Akafuata yote. Asubuhi akapata wote wamelala, midomo wazi." Kipchumba alianza kucheka, akashika kaunta. "Nikamwuliza, kwani wewe mwenyewe hukusikia joto? Akaniambia, nilisikia, lakini ilikuwa imechorwa na mtaalamu."

Mungai naye akacheka. "Sasa yeye anaishi wapi hata kuku wachomeke hivyo?"

"Si yuko Lodwar. Huko unaweka balbu ya nini? Balbu ni jua."

Kicheko cha Mungai kilikuwa kimefika katikati, kikakatika. Kipchumba alisubiri kiendelee, akaona hakiendelei, akachukua dawa yake ya minyoo akaenda zake.

Jumapili baada ya ibada Mungai aliingia katika bruda iliyokuwa nyuma ya nyumba, ambayo wakati huo haikuwa na vifaranga, akiwa amebeba mashine yake ya gemu na televisheni ndogo ya Wanja. Aliiuliza simu hali ya hewa ya Lodwar. Simu ikasema nyuzi thelathini na nane, ikaongeza na picha ya jua, ambayo haikuwa na haja. Aliwasha balbu mpaka kipimajoto cha vifaranga kikasema hivyo hivyo. Akaiwasha mashine, akaipa kazi, akaketi kwenye debe. Hapakuwa na kitambaa.

Chipu ilipanda hadi sitini, ikapita. Ikapanda sabini, ikapita. Ilipofika sabini na nane ikatulia. Mungai alingoja ifike themanini ili feni iamke, na haikufika. Ilikaa pale pale, chini kidogo ya namba aliyoiweka yeye, feni ikizunguka kwa adabu, na ingekaa pale muhula mzima bila kelele na bila onyo. Haikuwa inaungua. Ilikuwa inaiva, kama sufuria ya githeri juu ya makaa machache, na kilichokuwa kinaiva ni lehemu nyembamba inayoishikilia chipu mahali pake.

Nyokabi alipofungua mlango alimkuta amevua koti, amevua sweta zote mbili, jasho linamtiririka. Hakuwa amemwona akitoka jasho tangu siku ya harusi.

"Baba Wanja. Wageni wa chai wamefika, na wewe uko kwa kuku, na hakuna kuku."

"Ni mimi niliua ile mashine ya Lodwar."

"Si ulisema ni kitambaa?"

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Kitambaa si kitu. Ingekufa tu. Ni ile namba niliweka wakati ule wa ushirika. Kwa sababu ya ile kelele."

Nyokabi hakuuachia mlango. "Ngoja kwanza. Unataka kusema ni maombi imeua mashine?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa sababu ya kelele. Waliolalamika kelele ni sisi. Hapana. Mimi nilikuambia inyamaze kwa nyumba yangu. Sikukuambia uitume Lodwar."

Mungai alizima balbu.

"Kuja ukunywe chai," Nyokabi alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa kidogo. "Halafu umwambie huyo mwalimu."

Alikunywa chai. Kumwambia mwalimu, hakumwambia. Jioni ile ile aliirudisha namba ilipokuwa, akaituma kwa Tadeu na maelezo ya maneno matatu: "Maboresho madogo, feni." Maelezo hayo yalikuwa kweli tupu, na ndiyo ubaya wake. Tadeu akamshukuru. Mtu wa Poland akaandika kwamba Mungai hachoki. Siku mbili tatu baadaye kila Lazaro duniani iliyokuwa bado hai ilikuwa salama, na mtu aliyekuwa anaziua alikuwa amepewa asante nyingi kuliko alizowahi kupata maishani. Dukani alianza kukosea chenji, kwa kuwapunja wateja na kwa kuwazidishia, bila upendeleo.

Ndipo Musimbi alipomwandikia kando, si kwenye kundi.

"Ndugu Mungai, samahani kukusumbua tena. Ijumaa kamati ya shule inakaa kuhusu Mzee Erupe. Mwenyekiti anasema mlinzi aliyeharibu kitu cha maana kuliko vyote hawezi kuendelea kulinda vilivyobaki. Mimi namhurumia, analea wajukuu na hana kazi nyingine. Tafadhali niandikie neno moja kama fundi, kwamba hakufanya kwa ubaya."

Mungai aliisoma akiwa amesimama katikati ya duka na mfuko wa mbegu begani. Aliombwa amtetee mtu kwa kosa ambalo alikuwa amelifanya yeye.

Aliandika, "Pole sana Madam," akaitazama.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu mwanzoni mwa ule mwaka wa ghasia za uchaguzi, duka la baba yake lilipochomwa Burnt Forest. Waliporudi, miezi mingi baadaye, majirani walikuja. Walileta maziwa, walileta misumari, mmoja akaleta mlango mzima. Wote walisema pole. Pole zilikuwa nyingi kuliko misumari. Aliyesema "ni mimi" hakuwapo, na hakika baadhi ya mikono iliyoshika mitungi ile ya maziwa ingeweza kusema. Mungai alizipokea zote. Akiulizwa husema yaliyopita yamepita, na huwauzia wote chakula cha kuku kwa bei moja. Lakini hajaacha kuisikiliza kila pole anayopewa, kama mtu anayegonga ukuta kujua kama upande wa pili kuna chumba. Sasa alikuwa ameshika ya kwake kwenye simu, na aliujua ukoo wake bila kuambiwa.

Mtu angetarajia kwamba baada ya kuyaona hayo angeifuta ile pole. Aliituma. Aliituma na nyongeza: mlinzi hakuwa na nia mbaya, kufunika mashine kwa kitambaa ni kosa linaloweza kumpata mtu yeyote, kamati imwonee huruma.

"Mungu akubariki," Musimbi akajibu.

Usiku hakulala vizuri. Alhamisi Nyokabi alimwekea chakula, akamtazama akikisukuma huku na huku, akaondoa sahani.

Ijumaa asubuhi Mungai alifunga duka watu wakiwa foleni. Katika mtaa ule, duka likifungwa saa kama hiyo maana yake ni moja, na muuza viatu wa jirani alikuja mlangoni kuuliza kwa heshima ni nani amefariki.

"Hakuna."

"Basi ni mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nataka kupiga simu."

Muuza viatu alikubali, lakini alivua kofia hata hivyo. Mungai akaenda nyuma, kati ya magunia, akapiga.

"Madam, kamati imeanza?"

"Iko katikati." Musimbi alikuwa ananong'ona. "Ujumbe wako niliusoma. Nilidhani utamsaidia. Mwenyekiti amesema, kama hata fundi wa Eldoret amekubali ni kitambaa, basi maneno yamekwisha. Wanataka kupiga kura."

Mungai aliegemea gunia. "Weka simu kwa sauti, wasikie wote."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya nafasi kubwa yenye upepo na bati linalogonga.

"Haya, fundi," sauti ya mzee ikasema. "Mimi ni mwenyekiti. Tunasikia."

"Mzee, si kitambaa. Ni mimi."

Bati liligonga mara kadhaa.

"Wewe uko wapi?"

"Eldoret."

"Na mashine ilikuwa wapi?"

"Huko kwenu."

"Ulikuja lini?"

"Sijawahi kufika."

"Sasa uliiharibu na nini?"

"Na namba, mzee."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mwenyekiti akauliza kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kutapeliwa kwa simu: "Wewe na Erupe mnajuana? Ni mtu wenu?"

"Simjui. Mimi ni Mungai."

"Hilo tumesikia."

Mungai akaanza upya. Akaeleza kwamba Eldoret ni baridi, kwamba aliipimia feni katika baridi hiyo, kwamba aliiagiza isizunguke kwa nguvu mpaka joto liwe kali sana, na kwamba mashine ya watoto ilikuwa inapikika kila siku ya Mungu mchana kutwa, wakati ambapo kitambaa hakikuwapo hata juu yake. Kiwepo kisiwepo, ingekufa. "Nimejua tangu Jumapili," akasema. "Nikanyamaza. Halafu nikamwandikia mwalimu ule ujumbe, na nilikuwa najua."

"Ulinyamaza kwa nini?"

Mambo ya nyuzi na chipu alikuwa ameyaandaa. Hilo hakuwa ameliandaa.

"Kwa sababu nilikuwa nimeshasema ni kitambaa."

"Ah," mwenyekiti akasema. "Sasa nimekuelewa. Hiyo ya namba sijaelewa, lakini hiyo ya kunyamaza naijua." Akageuka akazungumza na wenzake kwa Kiturkana, kwa muda mrefu, sauti zikipanda na kushuka. Kisha akarudi. "Utaleta ingine?"

"Nitaleta yangu."

"Sawa. Erupe anabaki. Madam, mpe Erupe simu."

Ikaja pumzi ya mtu asiyezoea kushika simu karibu na mdomo.

"Kwa hivyo si mimi," Erupe alisema.

"Si wewe, mzee."

"Mimi nilikubali ni mimi. Watoto walikuwa wanauliza, nikawaambia, mmoja mmoja, ni mimi. Kuna mmoja hanisalimii mpaka leo. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie ni Mungai wa Eldoret."

"Hawakujui," Erupe alisema. Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Alikuwa anaeleza tu ugumu wa kazi hiyo.

Simu ilikatika, au ilikatwa. Mungai alibaki kati ya magunia mpaka muuza viatu alipogonga kuuliza kama wachange kitu.

Mchana ule aliandika kwenye kundi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili mtandao usipate nafasi ya kutafsiri vibaya. Alisema namba ilikuwa yake, kwamba aliibadilisha kwa ajili ya kelele nyumbani kwake, kwamba imeua mashine ya shule na huenda nyingine sehemu za joto, na kwamba yale maboresho madogo hayakuwa maboresho. Alimtaja Mzee Erupe kwa jina. Alitarajia moto. Tadeu alijibu kwamba mambo hayo hutokea na akamwomba siku nyingine ajaribu vitu kwenye joto tofauti. Mtu wa Poland aliweka kidole gumba. Halafu mtu akauliza ni lini menyu itarudishiwa rangi ya zamani, na ugomvi mzuri ukaanza, ukaufunika ujumbe wa Mungai mpaka ukapotea juu ya kioo.

Musimbi peke yake hakujibu. Mungai alifunga mashine yake kwenye katoni, akajaza pumba pembeni isigongane, na kuituma Lodwar. Simu ilipolia alikuwa wa kwanza kuishika, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Nyokabi aliona. "Mwache mwalimu," alisema mara moja. "Wewe ulichukua muda wako. Na yeye achukue wake."

Ujumbe ulikuja asubuhi moja akiwa anamhudumia mama mmoja wa Plateau aliyetaka dawa ya kupe.

"Mashine imefika. Inawaka, inanguruma sana, watoto wanafurahia. Mzee Erupe amekataa kulala tena chumba hicho, amehamia jikoni, na nimeshindwa kumbembeleza. Mimi ndiye niliyempeleka kwa kamati, ndugu Mungai, kwa neno lako. Hilo nalibeba mimi. Asante kwa kusema. Juu ya kukusamehe nitakuambia ikifika. Usiniulize."

Mungai aliisoma, akairudia, chupa ya dawa ikiwa bado mkononi.

"Ni habari mbaya, baba?" mama wa Plateau akauliza.

"Hapana, Mama," alisema, akaanza kuifunga chupa kwenye gazeti. "Si mbaya. Ni yangu tu."